Chumba cha Jumapili Ngara: uzoefu wa kikundi chetu cha elektroniki

Kwa wale wanaochezea saketi, roboti na redio baada ya kazi na wanasaka pa kukutania Nairobi bila kufilisika: sisi tumetua kwenye chuo cha ushonaji, Ngara, ghorofa ya tatu, kila Jumapili. Jina la chuo silitaji kwa sababu mwenyewe, mama tunayemwita Mwalimu, hataki simu za watu asiowajua. Ila vyuo vya aina hiyo si haba mjini, na wengi wetu tunavipita kila siku bila kufikiria kubisha hodi.

Ofisi za kukodi kiti zipo tele Westlands, Kilimani na Barabara ya Ngong, na kwa mtu mmoja mwenye laptopu ni safi kabisa. Balaa ni kwamba zinatoza kwa kichwa. Watu kumi na wawili wakitoa elfu moja moja, hiyo ni shilingi 12,000 kwa siku moja, na bado hamruhusiwi kuwasha chuma cha kulehemu, kile cha kuyeyusha bati na kuunganisha vipande vya saketi, kwa sababu ya moshi. Mahali pamoja walitwambia, kwa adabu zote, tukalehemu kwenye roshani. Wakongwe watakumbuka iHub, kituo cha watu wa teknolojia, ilipofunguliwa 2010 pale jengo la Bishop Magua, ukiingia na mashine yako na kukaa bila kulipa. Zama hizo zimepita, na iHub yenyewe ikanunuliwa na CcHub, kituo kama hicho cha Nigeria, 2019. Ukumbi wa kanisa nao tuliupata karibu bure, lakini ni viti vya plastiki bila meza, soketi mbili ukuta mzima, na kukiwa na harusi mnahama.

Darasa la ushonaji ni kama lilijengwa kwa ajili yetu. Meza za kukatia vitambaa ni pana na ndefu, zinafika kiunoni, kwa hiyo unafanya kazi umesimama na mgongo haulalamiki. Soketi zimepangwa ukuta mzima kwa sababu kila cherehani ya umeme inataka yake. Taa ni nyeupe na kali, maana anayetunga uzi kwenye sindano anahitaji mwanga uleule anaouhitaji anayelehemu kichipu chenye miguu kama ya siafu. Na madirisha yanafunguka pande mbili. Hilo msilipuuze: moshi wa lehemu unatoka kwenye ile dawa ya kusafishia kiungo, nao ukikaa chumbani unawasha macho na kifua.

Tunalipa shilingi 2,500 kwa siku, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mwenye kazi anachanga 250, mwanafunzi 100, tunatuma kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa ili Mwalimu asianze kutufuata. Stima ni juu yetu, na hapo alikuwa na wasiwasi kweli. Tulimpigia hesabu mbele yake: vyuma sita vya wati 60 vikiwaka saa nne mfululizo havifikishi yuniti moja na nusu. Pasi yake ya nguo ya wati 2,000 ingemaliza kiasi hicho kwa muda usiotimia saa moja. Alicheka, akasema basi tununue tokeni zetu wenyewe yaishe. Tunanunua.

Sasa kasoro, na kubwa kuliko zote ni pini. Ziko sakafuni, ziko kwenye nyufa za meza, ziko mahali usipodhani. Jamaa mmoja aliweka mezani bodi yake ya Arduino, ile kompyuta ndogo ya kujifunzia saketi, pini ikalala chini yake ikaunganisha njia mbili zisizofaa kukutana, na rekuleta, kipande kinachodhibiti volti, ikatoa harufu kabla hajachomoa waya. Siku hizi anayefika wa kwanza anapitisha sumaku ya spika kuukuu juu ya meza zote kabla hatujafungua mabegi. Upande wa pili, matone ya lehemu yakibaki mezani Jumatatu yananasa kwenye kitambaa cheupe cha mwanafunzi. Mwalimu alituonyesha sketi moja iliyochafuka hivyo, akanyamaza tu, na kunyamaza kwake kulituuma kuliko matusi. Tulinunua karatasi mbili za plaiwudi, tunazitandika juu ya meza tukifika na kuzisimamisha nyuma ya mlango tukiondoka. Vipande vya nguo vyote vinahamishwa mbali na vyuma vya moto. Hapo hatuna mzaha.

Ghorofa ya pili kuna kanisa lenye spika za uwanja wa mpira. Mpaka saa saba mchana wenzetu wa redio hawasikii kitu, kwa hiyo wao huja baada ya ibada. Ngazi ni za miguu, waifai hakuna, mnaweka bando.

Kilichotufanya tukae ni kabati. Mwalimu alitupa kabati la chuma lenye kufuli letu, na ghafla hatukubeba tena osiloskopu, mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, kwenye matatu huku makanga akiuliza kama ni mizigo ya kulipiwa. Mnapotafuta chumba, ulizeni kabati kabla ya kuuliza bei. Kikundi kinachobeba vyombo vyake mgongoni kila wiki kinaanza kukonda, na wa kwanza kutoroka ni wale wanaokaa Rongai na Kitengela.

Nasi tumemlipa kwa njia nyingine. Cherehani zake kadhaa ndogo zilikuwa zikikimbia zenyewe bila mtu kugusa pedali, na fundi alishamwambia anunue mota mpya. Tulifungua pedali: kapasita ya ndani, kipande kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme, imekufa, lakini mota ilikuwa haina tatizo. Kapasita za namna hiyo zipo Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki, kwa pesa kidogo mno, na kutoka Ngara unatembea tu, ila nendeni Jumamosi kwa sababu Jumapili maduka mengi yamefungwa. Tangu siku hiyo Jumapili moja kila mwezi hatulipi kodi.

Nyota nne. Ya tano ameishikilia Desemba: chuo kinafungwa, Mwalimu anakwenda ushago na funguo zote. Tumemwomba atuachie moja mwaka huu. Anasema kwanza tumalize pedali zilizobaki.