Mavazi Kamili ya Pikipiki Katika Joto la Mombasa: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Mnamo Oktoba mwaka jana nilinunua seti nzima ya mavazi ya kuendeshea pikipiki katika duka moja la katikati ya mji, nami nimeyavaa kwa miezi minane kutoka Kiembeni hadi kazini Changamwe na kurudi, kupitia Daraja la Nyali, Buxton, Saba Saba na Makupa. Seti hiyo ina jaketi la kitambaa cha wavu (shilingi 14,500), suruali ya kitambaa hicho hicho (9,800), glavu (3,500), buti zinazofunika kifundo cha mguu (11,000) na kofia ngumu inayofunika uso mzima (12,500), jumla shilingi 51,300. Nataja bei mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila ninaposimama. La pili ni joto, na hilo huulizwa kwa kicheko. Kijana mmoja wa bodaboda pale Bombolulu alinitazama kutoka utosini hadi miguuni, akaniuliza kwa upole kabisa: "Ami, safari ya leo ni mwezini?"

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, humtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia ngumu na jaketi lenye riflekta. Haitaji glavu, buti wala suruali maalumu, kwa hiyo anayevaa seti kamili amejipangia mwenyewe. Ifahamike pia kwamba kile kizibao chembamba cha riflekta kinachovaliwa na wengi humsaidia dereva wa lori akuone mapema, lakini ukishaanguka hakina tofauti na fulana.

Nianze na jaketi, kwa kuwa ndilo lililonishawishi kuingia dukani. Sehemu kubwa ya kifua, mgongo na mikono ni wavu, na mabegani na viwikoni kuna mifuko yenye vikinga vya mpira mgumu vilivyopigwa chapa ya EN 1621-1, kiwango cha Ulaya cha vikinga vya viungo. Kwa wasiokifahamu kiwango hicho, kikinga huwekwa juu ya chuma, kikagongwa kwa uzito, kisha hupimwa nguvu inayopenya upande wa pili: wastani wake usizidi kilonewtoni 35 kwa daraja la kwanza, na 20 kwa daraja la pili. Vyangu ni vya daraja la kwanza. Tatizo nililigundua mgongoni. Mfuko wa mgongo ulikuwa na kitu kinachofanana kabisa na kikinga, chenye umbo lake na hata mistari yake, ila nilipokitoa nyumbani nikakuta ni sponji tupu isiyo na chapa yoyote, ambayo ningeweza kuikunja kama chapati. Muuzaji alikuwa ameniambia kwa kinywa kipana kwamba jaketi lina kinga mgongoni. Nilirudi, tukabishana kistaarabu, akaniuzia kikinga halisi cha daraja la pili kwa shilingi 4,200, bila kunipunguzia hata shilingi moja. Ushauri wangu kwa mnunuzi ni kufungua zipu ya mfuko wa mgongo akiwa bado dukani, atoe kilichomo, na asome chapa kabla ya kutoa pesa.

Kuhusu joto, sitamdanganya mtu. Tangu Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho halikauki mwilini hata kwa aliyeketi barazani na fulana. Ndani ya jaketi la wavu, mradi pikipiki inakwenda kilomita 30 kwa saa au zaidi, upepo hupenya na hali huwa ya kustahimilika, na nathubutu kusema kwamba juani ni nafuu kuliko mikono mitupu, kwa maana jua la saa saba halikuchomi ngozi. Shida huanza ukisimama. Jumapili huwa naenda Likoni kwa wakwe zangu, na foleni ya feri ndiyo mtihani wa kweli wa vazi lolote la pikipiki: dakika ishirini juani, lami ikirudisha joto kutoka chini, injini ikipuliza moto kwenye magoti. Hapo jaketi lolote ni tanuri, na huwa nalifungua zipu hadi kitovuni, navua kofia na glavu, kisha navaa tena vyote kabla ya kupanda chomboni. Mama mkwe aliponiona nikiingia uani nimelowa chapachapa alisema, "Mwanangu, vua hayo magunia upate hewa." Lawama ya rangi ni ya duka: nilitaka la kijivu hafifu, wakawa nayo meusi pekee, kama kwamba wateja wao wanaishi kwenye baridi ya Limuru.

Mvua ni habari nyingine. Jaketi lina bitana ya plastiki ya kuzuia maji inayofungwa kwa ndani, na anayeivaa hulowa kwa jasho lake badala ya mvua, tena wavu wa nje hujaa maji ukawa mzito. Nimeitupa kabatini, nami huvaa koti la mvua la kawaida juu ya jaketi.

Sasa nieleze yaliyonipata Mei, masika yakiwa yamekolea. Nilikuwa nakaribia raundabauti ya Changamwe asubuhi, mwendo wangu hauzidi kilomita 35 kwa saa, nikapita juu ya dizeli iliyomwagika barabarani na kutandazwa na mvua, jambo la kawaida mahali ambapo trela za makontena hupishana usiku na mchana. Gurudumu la mbele liliteleza kabla sijagusa breki. Niliangukia upande wa kulia nikaburuzika hatua sita au saba, na kwa rehema za Mungu gari lililokuwa nyuma yangu lilisimama. Nilipoinuka nilijikagua, na baadaye nyumbani nikayakagua mavazi kwa utulivu kama mtu anayesoma barua. Glavu ya kulia ilikuwa imelika ngozi ya kiganja hadi karibu na kitambaa cha ndani, lakini kiganja changu hakikuwa na hata mkwaruzo. Wavu wa kiwiko cha jaketi ulitoboka tundu la kupitisha vidole viwili, kikinga kikabaki mahali pake, na kiwiko kikawa chekundu tu. Buti ilichubuka kifundoni, mguu ukabaki mzima.

Suruali ndiyo iliyonisaliti. Kikinga cha goti kilizunguka hadi upande wa ndani wa mguu wakati naanguka, hivyo goti likapiga lami likiwa na kitambaa kitupu, na mshono wa nyonga ukafumuka ukaniachia mchubuko wa ukubwa wa kiganja. Kwa wiki mbili niliswali nimeketi kitini. Chanzo nilikibaini baadaye: mifuko ya magoti imeshonwa juu mno, kwa hiyo mtu akisimama wima kikinga kinakaa vizuri, lakini akiketi kwenye pikipiki na kukunja magoti, suruali hupanda na kikinga huishia pajani badala ya gotini. Nilikuwa nimeijaribu suruali dukani nikiwa nimesimama mbele ya kioo, jinsi mtu anavyojaribu suruali ya Idi. Kosa hilo ni langu. Suruali ya pikipiki hujaribiwa mtu ameketi, ikiwezekana juu ya pikipiki yenyewe nje ya duka. Zaidi ya hayo, ndani ya suruali hiyo hakuna lebo ya EN 17092, kiwango cha nguo zenyewe ambacho huzipanga katika madaraja ya AAA, AA, A, B na C kwa kutazama, pamoja na mengine, jinsi kitambaa kinavyohimili kusuguliwa na mishono inavyovumilia kuvutwa. Vikinga vilikuwa na chapa, nguo haikuwa nayo, nami sikujua kutofautisha.

Wala halikuwa jambo la ajabu. Liz de Rome na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 nchini Australia kuhusu waendeshaji 212 walioanguka, walikuta kwamba zaidi ya robo ya glavu, jaketi na suruali zilizotengenezwa mahususi kwa pikipiki ziliharibika katika ajali hadi kuhesabiwa kuwa zimeshindwa kazi. Hata hivyo utafiti huo huo ulionyesha kuwa uwezekano wa kulazwa hospitalini ulikuwa pungufu kwa asilimia 21 kwa waliovaa jaketi la pikipiki, asilimia 51 kwa waliovaa suruali yake, na asilimia 59 kwa waliovaa glavu. Ukizipanga namba hizo utaona zinakwenda kinyume na desturi yetu, maana sisi hununua jaketi kwanza, glavu tukipewa kama bakshishi, na suruali hatununui kabisa.

Kofia ngumu ni nzuri, ila kioo chake si kizuri. Nilichagua yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha, pamoja na lebo ya kiwango cha ECE 22.05 kwenye mkanda wa kidevu yenye herufi P, inayoonyesha kwamba sehemu ya kidevu imepimwa kuwa kinga; J huwekwa kwenye kofia zilizo wazi usoni. Herufi hizo zina uzito kwa sababu Dietmar Otte, aliyechunguza kofia za ajali nchini Ujerumani, alikuta takriban theluthi moja ya mapigo yameangukia eneo la kidevu, nalo ndilo eneo linaloachwa wazi na zile kofia za nusu kichwa zinazoning'inizwa kwenye usukani wa bodaboda nyingi hapa mjini. Kofia ya nusu kichwa iliyofungwa mkanda ni bora kuliko kichwa kitupu, hilo halina mjadala: mapitio ya tafiti yaliyofanywa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikadiria kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini mkanda ukiachwa wazi, kofia hutangulia kuanguka kabla ya mwenyewe. Kioo cha yangu kilianza kupata mikwaruzo mwezi wa pili, na wakati wa mvua hufunga ukungu kiasi kwamba Daraja la Nyali hugeuka kuwa taa nyekundu zisizo na magari. Bitana ya ndani inatoka na kufuliwa, sifa ninayoithamini kuliko zote, kwani kofia ya Mombasa isiyofuliwa kila wiki hunuka kama nyavu za samaki.

Glavu na buti sina la kuzilaumu. Zitakupa joto kidogo mno ukilinganisha na faida yake, nami sioni udhuru wa mtu kupanda pikipiki na kandambili au makubadhi, hata kama anakwenda dukani kununua maziwa. Utafiti wa Australia niliotaja ulikuta kwamba hata buti za kawaida, zisizo za pikipiki, zilipunguza majeraha ya miguu kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na viatu vyepesi, na buti za kazi za mtumba hupatikana Kongowea kwa bei isiyomtisha mtu.

Je, nivae vyote kila safari? Nimelifikiria swali hili zaidi ya jaketi lenyewe. Kuna hoja moja ya wapinzani ninayoiheshimu, nayo ni kwamba joto lenyewe ni hatari, kwa kuwa mwendeshaji aliyekaukiwa maji huchoka na kuchelewa kukata shauri. Ni kweli, lakini dawa yake ni chupa ya maji na kivuli, kwa sababu anayevua suruali kwa ajili ya joto amelihamisha tatizo gotini. Hoja ya bei nayo siwezi kuikejeli, maana simwambii kijana anayelipia pikipiki ya mkopo kila jioni atafute shilingi 51,300. Kwake ningepanga hivi: kofia yenye kidevu, glavu, buti, kisha suruali, na jaketi la wavu liwe la mwisho. Kwangu mimi jibu ni ndiyo, kila safari, na nikiri kwamba Ijumaa nilikuwa nikijipa ruhusa, nikipanda na kanzu kwenda msikitini mwendo wa dakika nne. Sasa kanzu naikunja mkobani na kuivaa nikishafika. Mke wangu, ambaye huketi nyuma yangu, amekubali kofia, glavu na jaketi, na buibui lake hulikusanya na kulikalia ili lisije likanaswa na mnyororo, ila suruali ameikataa hadi nitakapopata moja isiyofumuka.

Duka lilikataa kuibadilisha suruali yangu, likidai kuwa ilishatumika, na kwa huduma hiyo nawapa alama mbili kati ya tano. Nimeipeleka kwa fundi wa cherehani Mwembe Tayari, akaishusha mifuko ya magoti inchi mbili na kuushona upya mshono wa nyonga mara tatu kwa uzi wa nailoni. Alinikalisha kwenye kigoda, akanikunja magoti kwa mikono yake, akatia alama kwa chaki kabla ya kugusa mkasi, kisha akanitoza shilingi 600.