Bluu ni nzuri, muuzaji sitaki hata kumwona

Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu mvua zilipoanza, na kila nikiiona ile paneli ya kompyuta imeegemea ukutani hasira inanipanda upya. Naliandika ili mtu mwingine hapa Mwanza asiingie kwenye lile duka la rangi akidhani anayeuza anajua anachouza.

Nina stationari Nyegezi, njia ya kwenda chuo kikuu cha SAUT. Mbali na kutoa kopi, nanunua kompyuta za mezani zilizotoka maofisini, nazisafisha, nawauzia wanafunzi. Ndani huwa nzima kabisa, shida ni makasha yake yamechubuka, na mwanafunzi akishaona mchubuko haamini tena kwamba mashine inafanya kazi. Kwa hiyo paneli za pembeni nazipiga rangi mwenyewe nyumbani, na kazi hii naipenda kuliko zote ninazofanya.

Bluu nilikuwa nimeshainunua pale pale dukani, rangi ya mafuta ya kopo la kupuliza. Bluu nzito isiyo na ukijani ndani yake. Nikarudi kutafuta klia, ile rangi angavu kama kioo ya kumalizia juu, na kopo lile nikaenda nalo makusudi ili muuzaji alione. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nataka klia ya kupuliza juu ya hii. Ipi inakubaliana nayo?" Hata kulishika hakulishika. "Marahaba. Rangi ni rangi, mwanangu. Chukua hii."

Rangi ni rangi! Mtu ambaye kutwa nzima amezungukwa na makopo ya rangi!

Paneli niliiandaa kama inavyotakiwa. Msasa wa maji namba 400 mpaka ule mng'ao wa kiwandani ukaisha, nikaifuta kwa spiriti, nikapiga praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, halafu bluu koti nyembamba nyembamba. Kingo za ndani zinazogusana na fremu nilizifunika kwa tepu, maana pale chuma kinatakiwa kikutane na chuma ili kasha zima lishikane na ethi, yaani waya wa ardhi wa umeme. Napuliza asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kutuletea vumbi na wale wadudu wadogo wanaonasa kwenye rangi mbichi. Bluu ilikaa vizuri mno. Niliiacha siku kadhaa ikauke, nikangoja asubuhi isiyo na mvua, maana klia ukiipiga kwenye hewa yenye unyevu inafanya ukungu mweupe.

Nikapuliza ile klia. Haikuchukua muda, bluu yote ikaanza kuinuka na kujikunja kama utando wa maziwa yanayopoa. Paneli nzima, kuanzia kwenye kitasa hadi kona ya chini. Nililia, na sioni aibu kusema.

Kuna wapiga rangi wa magari kwenye gereji moja njia ya Mkuyuni, nikawapelekea. Kijana mdogo kabisa pale, bado anajifunza kazi, alinusa kopo la klia akaniambia papo hapo: "Dada, hii ni NC. Mafuta yanakaa juu ya NC, lakini NC haikai juu ya mafuta." Akanieleza kwamba NC ni rangi ya nitroselulosi, aina nyingine kabisa, na kwamba rangi ya mafuta inakauka juu kwanza, chini inabaki laini kwa muda mrefu. Thina ya NC ni kali, inapenya ule utando wa juu, rangi ya chini inavimba na kuachana na praima. Mwanafunzi wa gereji anajua hilo kwa kunusa, na mwenye duka la rangi halijui?

Ningeishia hapo huenda hasira ingepoa. Nikaifunga paneli kwenye kanga, nikapanda daladala, nikampelekea. Nilitaka aione tu, aseme pole, anibadilishie kopo. Aliitupia jicho mara moja akauliza, "Nani amepiga hii?" Nikamjibu ni mimi. Akamgeukia mteja mwingine, wakacheka. "Ndiyo maana. Nenda kamlete fundi wako, nitaongea naye."

Fundi wangu! Mzee, fundi ndiye huyu aliyesimama mbele yako, anayekuletea pesa tangu duka lako halijajaa hivyo. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa heshima, maana ni mtu mzima. Akanijibu bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi, akaendelea kuhesabu noti zake.

Sasa, haki yake nimpe. Praima yake inashika chuma kuliko zote nilizowahi kutumia, bei zake haziumizi, na bluu ile sijaiona duka lingine mjini, nimezunguka mpaka Kirumba. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema nendeni, nunueni rangi, ila ushauri wake msiusikilize.

Lakini nikikumbuka kilichotokea nilipotoka nje, nashindwa kusema hivyo. Kijana anayemsaidia alinifuata hadi barabarani akanieleza kwa sauti ya chini kwamba klia ya mafuta ipo, iko rafu ya chini kabisa nyuma ya mabrashi, ila mzee huwa hapendi kuinama kuitafuta. Ilikuwepo! Siku ile ile niliyomwonyesha kopo, ilikuwa hatua chache kutoka miguuni pake. Bluu yangu ikaharibika kwa sababu ya mtu kukataa kuinama.

Kwa hiyo hapana. Usiende. Na kama bluu hiyo unaihitaji kweli kweli, kama ninavyoihitaji mimi, mvizie kijana akiwa peke yake, mwonyeshe kopo ulilonalo, mwambie uko na rangi ya mafuta, naye atakutolea kinachotakiwa. Paneli yangu nimeshaikwangua yote, imebaki chuma kitupu, na nitaipiga bluu ile ile tena. Hela nitamkabidhi kijana. Mzee yule, hela ya klia yake ya NC bado namdai, na nitaendelea kumdai kila nikipita mlangoni kwake.