Basi la Dar kwenda Lusaka: dereva safi, ila yule konda Mungu anamwona

Kwanza niseme basi lenyewe si bovu, nisije nikaambiwa naharibia watu biashara. Kampuni siitaji, wanaotumia hii njia watajua tu. Siti nzuri, chaji ya simu inafanya kazi, dereva mtu mzima anaendesha kwa adabu, Kitonga kapanda mdogo mdogo hana papara na malori. Kama safari ingeishia Tunduma ningewapa nyota tano na dua juu. Balaa linaanza ukivuka.

Tunduma tulifika usiku tukalala humo humo ndani ya basi, hiyo sina neno, nilijipanga. Asubuhi tukavuka, na watu wa uhamiaji siwezi kuwasema vibaya, siku hizi unagongewa mihuri ya nchi zote mbili kwenye jengo moja upande wa Nakonde, yaani Zambia, Mtanzania hulipi viza, ukishaonyesha kadi ya homa ya manjano umemaliza. Mapema kabisa abiria tumeshakaa, nimebadilisha vihela vyangu kuwa kwacha, chai nimekunywa, nikajua sasa tunaitafuta Lusaka.

Thubutu. Basi linasubiri mzigo wa mtu. Nikamfuata konda kwa heshima zote, kaka samahani tunaondoka saa ngapi, akanijibu huku anachezea simu, "saa nne sista". Saa nne ikafika. Akasema alimaanisha saa nne ya huku, maana Zambia wako nyuma yetu saa moja. Haya, saa nne ya huku nayo ikafika, akawa haonekani! Yani huyu kaka alikuwa anatumia saa mbili kama mtu mwenye laini mbili, ukimpigia hii anakwambia yuko kwenye ile.

Mchana ndio mzigo ukaja. Magunia ya dagaa ya kwenda Kasumbalesa, mpakani na Kongo, mabelo ya vitenge, na maboksi sijui ya nini. Buti likafunguliwa, mabegi yetu yakatolewa yakawekwa chini kwenye matope (ilikuwa kipindi cha mvua zile kubwa), mzigo wa watu ukapangwa vizuri kama uko stoo, halafu sisi ndio tukaanza kusokomezwa kwenye mianya. Begi langu la mgongoni, ambalo ndio nyumba yangu kwa safari yote, nikaliona linapigwa teke liingie chini ya gunia la dagaa. Nikapiga kelele. Konda akageuka, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema: "Dada, wewe umelipia siti, buti hujalipia."

Mbele ya watu wote. Wengine wakacheka. Mama mmoja mfanyabiashara akanishika mkono, "mwanangu nyamaza, hawa wanaacha mtu." Nikanyamaza, ila mpaka leo nikikumbuka nasikia moto kifuani.

Sasa kinachoniuma zaidi sio dagaa. Zambia tangu 2016 waliweka sheria mabasi ya abiria yasitembee usiku, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri yanatakiwa yamepaki. Kwa nchi yenye barabara ndefu za giza na malori vile, naiona sheria ya maana. Lakini kutoka Nakonde mpaka Lusaka ni kama kilomita elfu moja, kwa hiyo ukiondoka mchana kufika ni ndoto, na konda anayepita hapo kila wiki analijua hilo kuliko mimi. Alijua kabisa tutalala njiani na akawa anatuambia "jioni mko Lusaka". Angesema ukweli mtu angekula akashiba, angenunua maji, angewapigia wanaompokea.

Tukapaki Mpika, kituo cha mafuta. Injini ikazimwa, kiyoyozi kikafa, madirisha ya basi hilo hayafunguki. Watoto wanalia. Na ile harufu sasa, ilipanda kutoka kwenye buti ikaja kukaa na sisi juu. Konda akaenda kuchukua rumu gesti, akasema anayetaka kitanda akatafute. Mzee dereva ndiye alibaki na sisi, akatuachia mlango wazi akakaa pale ngazini mpaka kunakucha, huyo baba Mungu ambariki, kwa ajili yake tu nilitaka kufuta haya yote.

Hapo Mpika pia nilikula nshima, ugali wao, na ifisashi, mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, kwa mama mmoja aliyenisalimia "mulishani" akaniongeza mboga bila kumuomba, nikasema kumbe nchi ni nzuri hivi.

Kwa hiyo mpande au msipande? Msipande. Au pandeni kama hamna begi. Hapana, msipande, kwa sababu nimefika Lusaka stendi ya Intercity nimefungua begi, nguo zote, sweta, mpaka mswaki, dagaa tupu, nimemwambia konda akasema "fua".

Mimi mwenyewe sina ujanja, nauli ya kurudi nilishalipa Dar na ofisi yao ya huku imesema hairudishwi. Nimeomba tu safari hii begi nikae nalo miguuni. Konda kasema ataangalia.