Continuum ya John Mayer kwa biti 24: uzoefu wangu

Albamu hii ya John Mayer, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, nilianza nayo kwa MP3 za kuchomewa kwenye CD kijiweni, nyimbo 12 zinazosikika kama redio iliyofunikwa blanketi. Majuzi nikanunua toleo la biti 24, kilohezi 96, yaani faili linalobeba maelezo mengi ya sauti kuliko CD. Kulishusha tu kulimeza zaidi ya GB 1 ya bando, kwa muziki wa dakika 50 hivi. MP3 nzuri ya kilobiti 320 kwa sekunde ingekula kama MB 120.

Siku ya kwanza nilijidanganya. Nilivaa hedifoni za Bluetooth, nikafumba macho, nikaanza kusifia. Kumbe Bluetooth huibana sauti upya kabla ya kuirusha. Hata LDAC, mfumo wa kubana sauti ya Bluetooth ulio afadhali, hauvuki kilobiti 990 kwa sekunde, wakati muziki wenyewe kabla ya kubanwa ni 4,608. Nilikuwa nasifia hela yangu.

Nikarudi kwenye waya na DAC ndogo ya kuchomeka kwenye simu (kifaa kinachogeuza faili la dijitali kuwa sauti ya hedifoni), usiku wa manane, feni nimeizima. Nikaanza na "Gravity". Steve Jordan, aliyetayarisha albamu hii ya 2006 pamoja na Mayer mwenyewe, anapiga dramu kama mtu asiye na safari. Pigo linatua, na unasikia chumba kikilimeza taratibu. Mimi nimekulia kwenye muziki wa dansi, kwa hiyo sikio langu hutangulia kwenye besi. Besi ya Pino Palladino kwenye zile MP3 ilikuwa mvumo tu. Sasa ina vidole: najua noti inaanzia wapi na anaikatia wapi. Gitaa la Mayer nalo, akivuta waya kibluzi, unasikia mlio ukipanda polepole mpaka ufike anapotaka. Kwenye "Bold as Love", wimbo wa Jimi Hendrix ambao Mayer ameurudia, vyombo vikishajazana, sikuona cha ajabu.

Halafu nikamwita mdogo wangu anibadilishie mafaili bila kuniambia lipi ni lipi: hili kubwa, na la ubora wa CD, biti 16 kwa kilohezi 44.1. Mara kumi nimepatia tano. Hata kuku angepatia tano. Alipoweka MP3 ya kijiweni nilimkatiza kabla ubeti haujaisha.

Lile kubwa nimelifuta kwenye simu, nimebaki na la CD. DAC siiuzi.