General Grievous wa LEGO: jambazi wa mikono minne

Sasa huyu General Grievous wa filamu za Star Wars ni jambazi. Hii ni ile seti 75112 ya 2015, vipande 186, ya kujenga mwenyewe, na kwa vile ni ya kitambo sahau duka za mall, mimi nilimpata kwa jamaa anauza toi za mtumba hapa Nairobi na nikabagein mpaka akacheka.

Kujenga si kazi, jioni moja tu kijana wangu akamaliza, ingawa boksi inasema miaka 9 hadi 14 na yeye hajafika. Utamu uko kwa mikono bana, iko minne, na kila mmoja umeshika panga ya mwanga, mbili bluu mbili kijani, ukizipanga vizuri anaonekana kama makanga wa matatu anaita watu Kencom saa ya rashi. Viungo ni kama kampira kadogo kanazunguka ndani ya kikombe kwa hivyo pozi ni nyingi, lakini kusimama ndio shida, huku juu ni kuzito na miguu ni myembamba, lazima umtafutie balansi kwanza. Darth Vader, jambazi mwingine wa Star Wars kwa seti hizo hizo, anasimama poa zaidi lakini, aki, anaboo.

Ukimwona kwa bei ya mtumba, hesabu panga kwanza halafu ulipe.