Bakuli la traifo: kabla ya kulipa, uliza kifuniko

Usiku wa kuamkia Iddi nilipanga traifo, kitindamlo cha matabaka, ya watu kumi na wawili. Chini keki ya sponji niliyoilowesha kwa maji ya machungwa, juu yake jeli nyekundu, kisha embe na ndizi, kastadi, na krimu ya kumalizia. Bakuli lilikuwa jipya, la kioo, lenye mguu, mdomo wake umekatwa mawimbi kama ua. Nililinunua mjini kwa shilingi 2,400 na kila aliyeingia jikoni alilisifu. Kifuniko halikuwa nacho. Nikalifunika kwa karatasi ya nailoni, ikawa inaachia kwenye yale mawimbi kila nikiibana. Nikalala. Rafu ya chini ya friji palikuwa na papa mkavu niliyemlowesha kwa mchuzi wa nazi wa mchana.

Asubuhi mama mkwe alionja kijiko kimoja, akakilaza kando ya sahani, akaomba maji. Hakusema neno. Nikaonja mwenyewe: krimu ilikuwa na papa ndani. Traifo yote ikamwagwa, siku ya Iddi, wageni wako ukumbini.

Tangu siku hiyo nimeuliza wengi na karibu kila mmoja ana kisa chake. Mmoja kastadi yake ilinukia kitunguu thomu, mwingine achari ya ndimu. Wote walidhani maziwa yameharibika. Maziwa hayakuwa na kosa. Mafuta hunywa harufu, na mwanamke wa Pwani hahitaji kufundishwa hilo: tia asmini kwenye mafuta ya nazi, baada ya siku chache mafuta yenyewe yananukia asmini. Krimu ni mafuta. Kastadi ya maziwa mazima ina mafuta. Na traifo haiwi traifo mpaka ilale friji usiku kucha, keki inywe, jeli ishike. Ni saa nane au kumi iko wazi karibu na samaki.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia urembo wa kioo wala rangi ya boksi. Napanga mabakuli kwanza kwa kitu kimoja: yanafunikaje; kisha natazama kama traifo inakaa vizuri ndani yake.

La kwanza kwangu ni Pyrex la duara lenye kina na kifuniko chake cha plastiki laini, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Mdomo wake ni mviringo kamili, hauna mawimbi, hivyo kifuniko hukaa kote. Kioo ni cheupe kabisa, na matabaka yanaonekana bila nakshi ya kuyavuruga. Sifa yake ya tatu ni kustahimili joto. Ile inayotengenezwa Ufaransa ni kioo cha borosiliketi, ambacho kikipata moto hutanuka kama theluthi moja tu ya kioo cha kawaida, ndiyo maana hakipasuki ovyo. Hata hivyo usimimine kastadi inayotokota kwenye bakuli lililotoka friji. Jeli yenyewe itayeyuka, na matabaka yako yatakuwa uji. Subiri kastadi iwe ya vuguvugu, uikoroge mara kwa mara isifanye ngozi.

Geuza bakuli uangalie kitakoni. Jina liwe limechongwa ndani ya kioo chenyewe. Kibandiko cha karatasi si ushahidi. Hapa mjini kila bakuli la kioo ni "Pyrex" mdomoni mwa muuzaji, hata lile zito la kijani kijani lenye viputo. Nimesimama dukani nikamwonyesha kijana kitako kitupu, hakuna hata herufi, naye akaniapia kwamba ni Pyrex ya asili. Hilo linaniudhi zaidi ya bei, kwa sababu kuna mtu ataliamini bakuli lile, alitie moto, limpasukie mikononi.

La pili ni yale makasha ya kioo ya mraba au mstatili yenye kifuniko cha kubana pande nne na mpira mweupe ndani. Luminarc wana mazuri. Kwa kuzuia harufu haya yanalishinda hata Pyrex, nakiri. Nimeyaweka ya pili kwa sababu mengi ni mafupi, traifo inakuwa na matabaka matatu tu, na pembeni keki haikai vizuri. Lakini kama friji yenu ni ndogo na ina samaki kila siku, chukua hili uache nililosema mimi. Mpira ule hutoka. Utoe, uoshe, uukaushe, maana uchafu wa maziwa hujificha hapo na kuota ukungu mweusi.

Ya tatu, mitungi midogo ya kioo ya kufunga kwa kuzungusha, kila mgeni na wake. Ni nzuri kwa futari ya kupelekeana majirani. Kwa meza ya Iddi naona haina heshima ya bakuli moja kubwa, ila hayo ni maoni yangu.

La mwisho katika vioo ni lile la mguu. Kama umeshalinunua, funika kwa sahani bapa iliyo pana kuliko mdomo, na siku hiyo samaki ahamie kwa jirani. Pima pia urefu wa rafu za friji. Langu liliingia kwa kutoa rafu moja.

Ya plastiki ni ya bei rahisi, utayapata kwenye masoko ya Marikiti na Kongowea hapa Mombasa. Plastiki yenyewe hunywa harufu na manjano ya bizari, na haionyeshi matabaka. Basi.

Sasa jinsi ya kupima kifuniko, hapo hapo dukani, kabla hujatoa pesa. Omba kipande cha karatasi, hata risiti. Kilaze kwenye mdomo wa bakuli, nusu ndani nusu nje, funika, kisha kivute taratibu. Kikikataa au kikikwama, kifuniko kinashika. Kikitoka kama kilivyoingia, hapo ndipo harufu itakapopita. Rudia pande nne, kwa sababu vifuniko vingi vimepinda upande mmoja tu kwa kurundikwa stoo kwenye joto. Halafu weka kidole ndani juu ya mstari utakaojazia: pabaki upana wa kidole kati ya krimu na kifuniko, la sivyo mapambo yako yote yatabandika juu. Na kinuse. Kifuniko kipya chenye harufu kali ya plastiki kitaihamishia krimu, na kuoshwa mara moja hakusaidii.

Nyumbani, usifunike kastadi ikiwa moto. Mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko, yanadondoka, na juu panakuwa majimaji. Ikipoa, funika mara moja, kwa joto letu hili. Chakula cha maziwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na siku ikipanda juu ya nyuzi 32, kama Machi hapa Mombasa, saa moja tu. Na kama unatia nanasi au papai lisilopikwa, hata likiwa limeiva, kwenye jeli ya jelatini halafu unalaumu bakuli kwamba haikushika, kosa ni la tunda. Nanasi lisilopikwa linavunja jelatini. Lichemshe kwanza au tumia la mkebe.

Nililonalo sasa ni Pyrex, na kulipata ilikuwa vita. Boksi lilichorwa bakuli na kifuniko cha buluu. Nafika nyumbani, nafungua, kifuniko hakimo. Kurudi dukani naambiwa kifuniko kina bei yake, shilingi 600, na kilichochorwa ni mfano tu. Mfano wa nini? Tangu hapo nafungua boksi kaunta, mbele ya muuzaji, hata foleni ikiwa ndefu. Na bei zenyewe hupanda Shaabani ikiandama, kwa sababu wanajua kila nyumba inatafuta mabakuli ya Ramadhani. Bakuli lile lile nililiona Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, kwa bei ya chini, limekaa rafuni na vumbi lake. Anayetaka, anunue wakati huo.

Kifuniko changu nimekiandika kwa kalamu ya wino usiofutika: TAMU TU. Dada wa kazi na wifi zangu wote wameonywa. Kikifunika pilau mara moja, iliki na thomu hazitoki tena.