Pumu: kupima pumzi au damu?

Vipimo vyote viwili husaka uvimbe wa njia za hewa: cha pumzi hupima nitriki oksaidi, cha damu huhesabu chembe nyeupe ziitwazo eosinofili.

Kwa bei na upatikanaji, damu inashinda bila ubishi. Eosinofili huhesabiwa ndani ya picha kamili ya damu, kipimo cha kawaida hospitalini. Shida kwetu ni minyoo na kichocho: navyo hupandisha eosinofili, kwa hiyo 400 kwa mikrolita moja huenda zisihusiane na pumu hata kidogo.

Pumzi haina sindano. Unapuliza taratibu sekunde 10 hivi, jibu papo hapo. Mtu mzima akizidi 50 (sehemu kwa bilioni), steroidi ya kuvuta (dawa ya pampu inayotuliza uvimbe) huenda ikamfaa. Sigara hushusha namba hiyo, mafua ya mzio huipandisha. Mashine ni ghali, ila humuumbua vizuri asiyetumia pampu yake: namba hugoma kushuka.

Mtoto anayeogopa sindano, na mashine ipo? Pumzi. Uko mbali na mji? Damu, pamoja na kupima choo. Anayefikiriwa dawa za kibayolojia (sindano za kingamwili zinazozuia uvimbe) kwa pumu kali, mara nyingi atahitaji vyote.